Kengele Niliyoituma Kibugu

Nyinyi mnaoingia ofisini siku hizi mtu akiwaandikia, simu inalia mfukoni, na msipojibu anaona kabisa kwamba mmesoma mkanyamaza. Sisi tulituma barua pepe kama mtu anayetupa jiwe korongoni halafu anatega sikio. Nimestaafu, watoto wangu, na bado naamka asubuhi nikijiuliza kama fulani alijibu. Ugonjwa huo sikuupata kazini, niliingia nao. Kwa hiyo mkinisikia nikiwaeleza habari za vikumbusho, jueni anayeeleza ni mtu aliyewahi kutoka ofisini, akafika stendi, akarudi mbio kuhakikisha barua imeondoka kweli, akatoka tena, akarudi tena, mpaka mlinzi akamwambia, "Dada Wawira, si ulale humo humo tu?"

Ofisi yetu ilikuwa Embu mjini, ya mradi wa maji, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Niliajiriwa kupiga chapa. Kompyuta ililetwa na wafadhili, ikawekwa mezani pangu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na hakuna mtu aliyeniambia inawashwa wapi. Nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa nafungua ule ukurasa wa msaada, naweka kamusi ya Kiingereza pajani, nasoma mstari mmoja, nabonyeza, nangoja nione kimeharibika nini. Nilipoharibu kitu sikumwambia mtu, nilikaa wakati wa chakula cha mchana nikitengeneza. Mkurugenzi wetu, Bwana Mutegi, alikuja kudhani nimesomea. Sikumsahihisha upesi, na hilo pia nawaungamia.

Laini ya simu ilikuwa moja, na faksi ilikuwa juu ya laini hiyo hiyo. Barua niliziandika asubuhi nzima, zikangoja kwenye kisanduku cha zinazotoka, na Bwana Mutegi akishamaliza kupiga simu zake mchana, nilichomeka waya nikazituma zote pamoja. Mvua ya mlimani ikianza, laini ilikwaruza kama mahindi yanayokaangwa, na barua ikabaki katikati, haikwenda wala haikurudi. Kwa hiyo swali lililoniamsha asubuhi lilikuwa na maana mbili: je, amejibu? Na je, alipata hata kitu cha kujibu?

Nilianza kuweka vikumbusho kwa njia ya wazi kabisa, ile ambayo kila mtu angeanza nayo. Ukimaliza barua, unaiacha, unafungua kalenda ya kompyuta, unatafuta siku, unaandika jina na jambo, unachagua saa, unahifadhi, unarudi. Kazi hiyo ilikuwa ndefu kuliko barua yenyewe. Barua zikiwa nyingi nikawa nazipa vikumbusho zile za watu wasumbufu tu, na zile za watu waaminifu nikaziacha ziende hivi hivi. Hapo ndipo nilipoumwa. Fundi mmoja mwaminifu sana alikuwa atuletee viungio vya mabomba. Barua yangu haikumfikia, nami sikuikumbuka. Mabomba yakaja, lori zima, yakapangwa uani, bila kiungio hata kimoja. Bwana Mutegi hakunigombeza. Alinipeleka uani, akainua vipande viwili vya bomba, akavikutanisha ncha mbele ya macho yangu, akaviachilia. Vikaanguka huku na huku. Akarudi ofisini. Mpaka leo nikisikia plastiki ikianguka kwenye saruji naanza kuhesabu viungio.

Baada ya siku hiyo niliapa kwamba hakuna barua itakayotoka mkononi mwangu bila kikumbusho, iwe ya mfadhili au ya mwuza chaki. Lakini ilibidi iwe haraka, la sivyo ningekuwa nafanya kazi ya kukumbuka tu. Nikarudi kwenye ukurasa wa msaada na kamusi yangu.

Nikaipata bendera. Ukiwa ndani ya barua unayoiandika, unabonyeza vitufe vichache kwa pamoja, kinafunguka kisanduku kidogo. Unaandika maneno mafupi, unachagua siku, basi. Barua inabaki na kibendera chekundu. Sikuishia hapo. Nilitengeneza barua tupu ambayo tayari ina bendera na tarehe, nikawa naifungua hiyo, naandika, nabadilisha maneno mawili, natuma. Kikumbusho kilichokuwa kikinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai sasa kilichukua pumzi moja. Nilijiona nimegundua moto.

Na kwa kuwa kile kisanduku kilikuwa changu, niliandika humo vile mtu anavyojisemea moyoni. Kwa mwuza mabomba wa Nairobi: "Husema kesho. Kesho yake haifiki. Abanwe." Kwa ofisa mmoja wa wafadhili: "Asifiwe kwanza, ndipo aulizwe." Kwa mkandarasi: "Mpigie mkewe, ndiye mwenye akili." Niliyaandika bila chuki, kama unavyoandika juu ya mkebe "chumvi", juu ya mwingine "sukari".

Ajabu ni kwamba majibu yalianza kuja. Mwuza mabomba, ambaye zamani ungeweza kuzeeka ukimngoja, sasa alijibu mapema, tena kwa adabu, ananiita Madamu. Yule ofisa wa wafadhili akawa mfupi wa maneno na mwepesi wa kutenda. Kwangu kengele ya kikumbusho haikulia hata siku moja, nami nikaamini ni kwa sababu watu wananijibu kabla ya siku kufika. Kila asubuhi nilifungua kisanduku cha zilizotumwa, nikaona bendera zangu nyekundu zimejipanga kama miche ya kahawa kwenye kitalu, nikatulia roho.

Nilijisifu kwa Mama Rwamba. Huyo alikuwa sekretari wa ofisi kabla yangu na kabla ya Bwana Mutegi, mama mnene wa sweta ya kijani, na alikuwa bado anatumia taipureta kwa sababu, alisema, taipureta haina siri. Yote ninayoyajua juu ya watu alinifundisha yeye. Nilimwambia jinsi nidhamu inavyobadilisha watu.

Akaacha kupiga chapa. "Mwari, watu hawabadiliki hivyo kwa wema. Umewafanyia nini?"

"Sijawafanyia kitu, Mama. Nimejipanga tu."

"Mm," alisema, akarudi kwenye taipureta yake. Ile "mm" ningeisikiliza vizuri, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Sasa niwaambie maji yalikuwa ya nani. Huko chini ya kijiji cha Kibugu kulikuwa na zahanati iliyojengwa na wananchi, ina nesi, ina vitanda, haina tone la maji. Mama mjamzito aliyekwenda kujifungua alibebewa mtungi wake kutoka mtoni. Asipokuwa na wa kumbebea, nesi aliyachota maji mwenyewe huku mama akingoja na uchungu wake. Kijito kilikuwa juu, karibu na msitu wa mlima. Mabomba tulikuwa nayo, viungio hatimaye vilifika, mteremko ulikuwa mzuri. Lakini kati ya kijito na zahanati kulikuwa na shamba la chai la mtu mmoja, na pembeni mwake ni korongo upande huu na mwamba upande ule. Wafadhili walikuwa wamesema wazi: mtaro usipoanza kuchimbwa kabla ya mvua za masika, mabomba yatahamishiwa wilaya nyingine. Akikataa mwenye shamba, zahanati itabaki kavu.

Mwenye shamba alikuwa Mwalimu Njeru, mwalimu mkuu mstaafu. Nusu ya watu wa Kibugu na wa Manyatta, jirani zao, walichapwa naye, na nusu nyingine walizaliwa na waliochapwa. Binti yake aliyekuwa ng'ambo alimletea kompyuta waandikiane, na nyumbani kwake kulikuwa na simu. Alikutana na Bwana Mutegi mjini, akasikia habari ya mabomba, akasema tu, "Niandikieni."

Nilifurahi sana. Mama Rwamba hakufurahi.

"Njia ya kupita shambani kwa mtu haiombwi kwa waya," aliniambia. "Watu huenda kama wanaokwenda kuposa msichana. Siku ya kwanza hamtaji neno. Mnakunywa chai, mnasifu ng'ombe, mnarudi. Yeye mwenyewe anajua mmefuata nini."

"Lakini amesema aandikiwe, Mama."

"Ameomba barua apate cha kuwasomea watoto wake. Hakusema msiende."

Niliandika barua. Niliandika, nikafuta, nikaandika upya, mpaka kila mstari ukasimama wima. Nilieleza habari ya nesi na mtungi. Nilieleza upana wa mtaro na jinsi tutakavyorudisha udongo. Kwa kweli ilikuwa barua nzuri. Na kwa kuwa nilimwogopa mtu huyo hata bila kumwona, kwenye kisanduku cha bendera nikaandika: "Mzee mkaidi. Asipojibu Jumatatu, asukumwe kupitia binti yake." Nikatuma. Kazi ya pumzi moja.

Hakujibu. Jumatatu ikapita, kengele yangu haikulia, nikadhani nimekosea tarehe.

Siku iliyofuata Nyaga akaingia ofisini bila kupiga hodi. Nyaga ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu ya mradi, mtu wa Manyatta, mcheshi, na kila alichokisikia barabarani alikifikisha kabla ya mizigo.

"Wewe Wawira. Ni wewe unampigia Mwalimu Njeru kengele?"

"Kengele gani?"

"Ati kengele gani! Manyatta nzima inaongea. Jana wazee wa kanisa walikuwa kwake kwa mambo ya harambee. Shangazi yangu ndiye alikuwa anapika chai. Mwalimu amewasha kompyuta, anawaonyesha picha za mjukuu. Kitu kikalia, tiii! Kisanduku kikatokea juu ya uso wa mtoto."

Nilikuwa nimeshika stepla. Nakumbuka stepla kwa sababu niliibana mpaka ikanichoma kidole.

"Mwalimu hakuwa na miwani," Nyaga akaendelea. "Akamwambia mzee wa kanisa, hebu nisomee hiyo. Na mzee wa kanisa, si unajua ile sauti yake ya kusoma matangazo?"

"Akasoma nini, Nyaga?"

Nyaga akavua kofia. Huyu mtu hakuwa akivua kofia hata kwa polisi wa barabarani. "Mzee mkaidi. Asipojibu Jumatatu, asukumwe kupitia binti yake. Na jina lako liko hapo."

Taipureta ya Mama Rwamba ilinyamaza.

"Shangazi anasema hakuna aliyemaliza chai," Nyaga alisema polepole. "Mwalimu akazima mashine. Akawaambia wazee, mambo ya mabomba yameisha. Wasiyataje tena katika nyumba hii."

Watoto wangu, nimewahi kushtuka maishani. Nimeshtuliwa na nyoka jikoni na simu za misiba. Lakini mshtuko wa kusikia maneno uliyojisemea moyoni yakisomwa kwa sauti ya matangazo ya kanisa, sijaupata mwingine. Masikio yaliziba. Nilimwona Nyaga akiongea, midomo inakwenda, sisikii kitu.

Haikuwezekana. Maneno yalikuwa yangu, kwenye kompyuta yangu. Kwa hiyo nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kutuma bendera ya kwanza kabisa, na nyinyi kishikeni: nikajaribu. Ofisini kwa Bwana Mutegi kulikuwa na kompyuta nyingine, iliyoletwa baadaye ikaunganishwa na yangu kwa waya, yenye programu ileile. Nilimwandikia barua, nikaiwekea bendera, nikaandika "Jaribio", nikachagua saa iliyokaribia, nikatuma. Nikaenda nikasimama mlangoni kwake.

"Kuna nini, Wawira? Umekuwa kama umeona jini."

"Naomba ufungue barua zako, Bwana."

Akazifungua. Tukangoja. Kompyuta yake ikalia, tiii, na kile kisanduku kikajitokeza: Jaribio. Bendera yangu ilikuwa haijakaa kwangu hata siku moja. Ilisafiri na barua, ikafika kwa mtu, ikamlilia yeye.

Bwana Mutegi hakushangaa hata kidogo. "Ah, hizo! Hizo napata kila siku. Ile ya 'husahau, arudiwe'. Ile ya 'aulizwe kabla hajala'. Nilidhani ni kompyuta imeanza kunizoea."

"Umekuwa ukizisoma?"

"Nimekuwa nikizifuata! Zinasaidia sana."

Nilikaa kwenye kiti cha wageni bila kuambiwa karibu. Kwa hiyo mwuza mabomba alisoma kwamba kesho yake haifiki. Ofisa wa wafadhili alijua tunamsifu ili tumuulize. Na mkandarasi, Mungu wangu, mkandarasi na mkewe. Wote hao hawakusema neno. Walijibu upesi, wakaniita Madamu, wakameza. Nidhamu niliyojisifia ilikuwa aibu ya watu wengine, nami nilikuwa naivuna kila asubuhi kama majani chai.

Nikarudi mezani kuandika barua za kuomba radhi. Mama Rwamba akaja akaweka kiganja chake kipana juu ya vitufe.

"Tena waya?"

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Twende. Bwana Mutegi abaki. Yeye akija itakuwa ofisi imekuja. Tunakwenda sisi, watu waliokosea."

Kesho yake tulinunua sukari, mkate na unga. Nilishika pakiti ya majani ya chai, Mama Rwamba akanipiga mkono. "Unampelekea mkulima wa majani majani?" Nyaga akatuendesha. Tulipofika Kibugu ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni, na Nyaga akakataa kutoka kwenye pikapu. Alisema Mwalimu alimfundisha darasa la saba, na anaweza kuulizwa hesabu.

Mwalimu Njeru alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti na gambuti za mpira. Alitukaribisha bila tabasamu, bila ukali. Mkewe akaleta chai na nduma za kuchemsha. Tukakaa. Mama Rwamba alikuwa ameniapisha nisitaje bomba wala bendera, nisitazame saa. Wakaongea yeye na Mwalimu. Waliongea juu ya ng'ombe aliyezaa pacha, juu ya bei ya mbolea, juu ya kasisi mpya na mahubiri yake marefu. Mimi nilikuwa na hotuba kifuani, nimeikariri usiku kucha, na kila walipobadilisha mada nilidhani sasa ni zamu yangu. Kompyuta ilikuwa pale pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama ile yetu ilivyoletwa. Sikuweza kuitazama.

Mwishowe Mwalimu akanigeukia. "Nani alikufundisha kompyuta?"

"Nilijifundisha mwenyewe, Mwalimu."

"Inaonekana."

Mama Rwamba akakohoa ndani ya kikombe. Nikajua nikingoja zaidi nitazimia. Nikasimama nikaanza: "Mwalimu, kwa unyenyekevu mkubwa na kwa majuto yasiyo na kipimo, mimi binti yako..."

"Hiyo umeandika nyumbani," akanikatiza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Iache. Njoo nikuonyeshe mkaidi analima wapi."

Tukamfuata nyuma ya nyumba, kupita zizi, mpaka chai ilipoanzia. Ilikuwa imefungamana vizuri, kijani kimoja mpaka chini. Na katikati ya kijani hicho palikuwa na jeraha. Mstari wa mashimo, mekundu, mabichi, ulioanzia juu upande wa kijito na kushuka umenyooka kama umepigwa rula. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye vigingi. Kando ya kila shimo palilala shina la chai, mizizi imetazama juu, minene kama mkono wa mtu mzima.

Sikuelewa. Nawaambia ukweli, nilitazama kwa macho yangu na sikuelewa.

"Barua yako niliipata," Mwalimu alisema. "Ilikuwa barua nzuri. Ile habari ya nesi na mtungi nilimsomea mke wangu mara mbili. Kesho yake nikafunga kamba."

"Lakini, Mwalimu, hukutuambia," nikasema, nikasikia Mama Rwamba akivuta pumzi.

"Kukwambia?" Alinyosha mkono kuelekea mashimo. "Nilikuwa nakwambia nini hapa kila siku? Nilitaka mje mkute imeisha. Mtu akiombwa njia na watu wa maana, hawajibu kwa maneno kama anayekodisha."

Akateremka na mstari, nasi nyuma yake. Mashimo yakaja mpaka katikati ya mteremko, yakakoma. Sururu ilikuwa imelala pale pale, mpini umelowa umande, kutu imeanza kushika chuma. Mbele yake chai ilikuwa nzima mpaka chini kwenye uzio, na ng'ambo ya uzio, mbali, bati la zahanati lilionekana katika ukungu.

"Hapa ndipo nilipokuwa nimefika asubuhi ya siku ile kengele ilipolia," Mwalimu alisema. "Chai hii ndiyo iliyomsomesha yule binti mliyekuwa mnisukume kupitia kwake."

Nilifikiria kompyuta yangu, nikikagua kila asubuhi nani hajajibu, na huku mtu amejibu kwa mizizi, kwa mgongo wake, na jina lake limekaa kwangu na bendera nyekundu kama mdaiwa.

Akaokota sururu akanipa. "Wewe pia nijibu."

Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisi na sketi ya kubana. Nikavivua viatu. Nikainua ile sururu, nikaishusha kwenye shina lililofuata, ikaruka kama imegonga jiwe. Nikapiga tena. Shina la chai la miaka mingi halina habari na mtu wa kupiga chapa. Mikono yangu iliwaka. Mama Rwamba akatazama kidogo, akavua sweta yake ya kijani, akaitundika kwenye kigingi, akashika jembe. Alipiga kelele kumwita Nyaga, naye Nyaga akaja, akapita mbele ya Mwalimu ameinamisha kichwa.

"Nyaga wa darasa la saba," Mwalimu alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Bado huwezi kusimama wima."

Sote watatu tulipigana na shina moja. Tulichimba kuzunguka, tukakata mizizi, tukavuta, tukaanguka, tukavuta. Mke wa Mwalimu alikuja akasimama kwa juu, akacheka mpaka akaketi chini. Lilipong'oka lilitoka na donge la udongo kubwa kama sufuria ya harusi, nami nikaanguka nalo chali. Mwalimu akalisogelea, akaligeuza kwa ncha ya gambuti, akaangalia shimo letu. Lilikuwa limepinda, nje kidogo ya kamba.

"Moja," alisema. "Basi, nendeni. Na usinikumbushe."

Hakusema kama ataendelea. Hakusema kama hataendelea. Tukaondoka.

Niliporudi kazini nilifuta ile barua tupu yenye bendera. Sikuacha vikumbusho, msinielewe vibaya, maana lile lori la mabomba bila viungio halijawahi kunitoka. Nilichofanya ni hiki, na ni cha haraka kuliko bendera: kila barua niliyotuma nilijiwekea nakala ya siri, nami nikaielekeza kompyuta izipeleke nakala hizo kwenye folda moja niliyoiita Nasubiri. Mtu akijibu, naifuta nakala yake. Kinachobaki humo ndicho ambacho hakijajibiwa. Hakuna la kuandika, hakuna la kusafiri, hakuna wa kumlilia mtu sebuleni kwake. Na kabla ya kumfuata yeyote aliyebaki humo, nilimwuliza kwanza Nyaga au Mama Rwamba: huyu hajatuma mtu? Hajapita? Hakuna kitu kilicholetwa getini? Mngeshangaa ni mara ngapi jibu lilikuwa limeshafika kwa njia ya miguu na limekaa jikoni likingoja nilitambue.

Jina la Mwalimu sikuliweka kwenye Nasubiri.

Kwa mtu kama mimi, siku zile zilikuwa adhabu kuliko sururu. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa mlima. Wafadhili wakaandika kuuliza kama mtaro umeanza, nami nikawajibu kwamba mwenye shamba anashughulika, nikiomba Mungu iwe kweli. Bwana Mutegi alipita mlangoni kwangu kila asubuhi akiinua nyusi, nami nikitikisa kichwa. Mara mbili nilifungua ukurasa mpya, nikaandika "Mwalimu, habari ya siku nyingi", nikafuta. Nyaga nilimkataza kupitia Kibugu hata kama ana mzigo wa huko, asije akaonekana ametumwa. Malengelenge yangu yalipasuka, yakakauka, yakawa ngozi mpya. Mabomba yalikaa uani, kuku wa mlinzi wakaanza kulala ndani yake.

Asubuhi moja Mwalimu Njeru akaingia ofisini. Gambuti zilikuwa na matope mpaka magotini, viganja vyote viwili vimefungwa vitambaa. Akatusalimu mmoja mmoja. Akaketi kwenye kiti cha wageni, akamwomba Mama Rwamba chai.

Tukaongea juu ya mvua. Tukaongea juu ya yule kasisi. Mjukuu alikuwa ameota jino, akatueleza. Alikunywa kikombe cha kwanza, akaongezewa cha pili. Bwana Mutegi alichungulia mlangoni, akaona, akarudi nyuma kwa ncha za vidole. Nilikuwa nimefungia mikono yangu chini ya meza, na sikuuliza neno.

Mwalimu akamaliza chai, akaweka kikombe, akasimama. Akaenda dirishani, akatazama uani kwa muda.

"Hayo mabomba," akasema, "mnayaweka hapo ya nini?"